Hakikusema Bu

Kiinua mgongo kilipotoka,
baada ya miaka thelathini na moja ya kugonga mihuri posta,
wenzangu walinunua viwanja Fuoni,
mmoja akaongeza mke.
Mie nikamwambia Mkasi: twende tukapande treni.

Akaacha kupepeta mchele.
"Treni ya wapi, Ngwali, na sie tumezungukwa na maji?"

Bububu tulizaliwa sote wawili,
na tangu siku ya posa tunabishana.
Mie nasema mji umeitwa kwa gari la moshi,
lile lililotoka Ngomeni likihema, bu, bu, bu,
likiwatia watoto masizi machoni.
Yeye anasema ni chemchemi:
maji yalibubujika pale kabla ya chuma, kabla ya Mzungu,
"na maji, bwana, hayadai tiketi."
Hakuna aliyemshinda mwenziwe.
Tumelea watoto wanne katikati ya mabishano hayo.

Boti, basi, Horohoro na mihuri yake
(niliitazama kwa jicho la kazi: wino mwepesi),
mpaka Mombasa.
Mkasi alifunga mkate wa kumimina ndani ya leso,
akashika dirisha.
Treni ikaondoka, asijue kama imeondoka.
"Mbona hii haisemi kitu?"
Kweli, ilikuwa kimya kama friji jipya.
Nikanyamaza. Niliiona hoja yangu ikiteleza relini.

Voi ikapita. Kisha nyasi kavu za Tsavo,
na tembo wekundu, kama waliokandikwa udongo jana,
kumi na mmoja, Mkasi aliwahesabu kwa tasbihi,
na alipomaliza
akanipa kipande cha mkate bila ya kunitazama.
Kwetu sisi hiyo ni barua ya mapenzi.

Nairobi, makumbusho ya reli.
Vichwa vya treni vimepangwa nje, juani,
mafahali waliostaafu.
Nilikitafuta cha kwetu. Sikukiona.
Binti aliyetuongoza, Nekesa, akauliza:
"Kwani Zanzibar kulikuwa na reli?"
Nikafungua mdomo. Mkasi akaniwahi:
"Ilikuwepo. Babu yake mama
akiipanda kwenda mjini kuuza ndimu."
Hilo hakupata kuniambia hata siku moja.

Ndani, kwenye kabati la kioo,
kipande cha reli kimekatwa, kimesimamishwa:
kichwa kinene, kiuno chembamba, mguu bapa.
Magoti yakanilegea.
Hiki nakijua.
Kilining'inia kwa mnyororo kwenye mkungu wa skuli,
nami, darasa la tano, nikikigonga kwa nati kubwa
saa moja na nusu kila siku ya Mungu,
Mwalimu Shaame kasimama kando, macho kwenye saa yake.
Umri wote huu naitafuta treni ya Bububu,
kumbe mie ndiye niliyekuwa nikiipiga.

Tuliporudi nikaenda skuli.
Kengele sasa ni ya umeme. Mkungu umekatwa.
Nyuma ya stoo nikakikuta:
mlinzi kakitegea mlango usibamizwe na upepo.
Kutu tupu, rangi ya wale tembo.
Mkasi alinifuata, ati yuko njiani kwenda sokoni,
na soko liko upande wa pili.

Nikaokota jiwe.
Nikapiga.

Ngeee, kikasema, kirefu,
kuku wakainua shingo,
na dirishani mwa darasa la pili
vikachungulia vichwa vitatu, vikidhani ni ruhusa.
Mkasi akasikiliza, kichwa upande,
mpaka sauti ikamalizikia huko ilikokwenda.

"Umesikia?" akasema. "Hakikusema bu."

Kisha akaweka kikapu chini, akanyoosha mkono.
"Lete hilo jiwe."